UCHAMBUZI: Kiti kinachogeuka Tokyo na somo lake kwa reli ya Butere

Mchuuzi wa ndizi anayeondoka Musanda, Kaunti ya Kakamega, alfajiri kuelekea Kisumu hukabiliwa na maswali mawili kabla hata jua halijachomoza. La kwanza ni nauli. La pili, ambalo mara nyingi ndilo humuumiza zaidi, ni mahali pa kuweka mikungu yake.

Katika matatu, mzigo una nauli yake na utingo ndiye hakimu wa bei. Mvua ikinyesha au siku ya soko ikiwadia, hukumu hubadilika. Mchuuzi aliyepiga hesabu ya faida yake usiku hujikuta ameacha sehemu yake barabarani kabla ya kufika soko la Kibuye.

Ndiyo maana reli inayokomea Butere, mji usio mbali na Musanda, haijawahi kutoka katika fikira za wakazi wa eneo hili, hata katika miaka ambayo nyasi zilimea kati ya mataruma yake. Kila serikali inapotaja ufufuzi wa reli, swali huwa ni lile lile: treni itarudi lini?

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra, nalo lina uzito sawa na hilo. Treni ikirudi, ndani yake mtakuwa na viti vya namna gani, vitakuwa vya nani, na kwa bei gani?

Swali hilo linaweza kuonekana la anasa kwa mtu ambaye hana hata treni yenyewe. Lakini nchini Japani, ambako treni za abiria wa kila siku ni nyingi kuliko matatu za Nairobi, kampuni za binafsi za reli zimelishughulikia kwa takriban miaka 30, na jibu lao linastahili kutazamwa kwa makini na wapangaji wa usafiri wa humu nchini.

Behewa moja, kazi mbili

Jibu la Wajapani ni kiti kinachogeuka. Asubuhi, watu wanapomiminika kazini, viti vya behewa hupangwa kwa safu ndefu mbili, migongo ikielekea madirishani. Katikati hubaki nafasi pana ya kusimama, na behewa hubeba umati.

Jioni, behewa hilo hilo huingia kituo cha mwanzo likiwa na sura nyingine. Mitambo iliyo chini ya viti huvizungusha vyote kwa pamoja, vikawa viwili viwili vikitazama mbele kama vya basi la masafa marefu. Abiria anayetaka kuketi bila kugombania hulipa ada ndogo juu ya nauli ya kawaida, na nambari ya kiti chake huandikwa kwenye tiketi.

Kampuni ya Kintetsu, inayohudumu maeneo ya Osaka na Nagoya, ndiyo iliyotangulia kuingiza viti hivyo mwaka wa 1996. Wakati huo haikuwa inauza nafasi. Ilitaka tu behewa moja liweze kufaa kwa msongamano wa mjini na kwa safari ndefu za mashambani.

Kampuni ya Tobu ndiyo iliyokigeuza kiti hicho kuwa chanzo cha mapato. Mnamo Juni 2008 ilianzisha treni ya jioni iitwayo TJ Liner kutoka kituo cha Ikebukuro jijini Tokyo. Wengine walifuata: Seibu mwaka wa 2017, kisha Keio mnamo Februari 2018 kutoka kituo cha Shinjuku, ambako ada ya kiti ilianza kwa yen 400.

Kampuni ya Tokyu ilichukua njia ya tahadhari zaidi. Ilipoanza mwishoni mwa 2018 katika njia ya Oimachi, haikuitenga treni nzima. Behewa moja tu kati ya saba ndilo lililouzwa kwa nafasi, na sita zilizobaki zikaendelea kuwa za yeyote mwenye nauli ya kawaida.

Kwa nini wauze kiti?

Sababu za kampuni hizo ni za kihesabu kuliko za ukarimu. Nauli ya kawaida nchini Japani ina kikomo kinachoidhinishwa na serikali, na kampuni haiwezi kuipandisha itakavyo. Abiria wengi wa kila siku, nao, husafiri kwa tiketi za mwezi au za miezi kadhaa, ambazo ni nafuu zaidi.

Wakati huo huo, idadi ya watu wa taifa hilo inapungua na wafanyakazi wanazeeka. Msongamano wenyewe umeshuka. Kwa kipimo cha serikali ya huko, asilimia 100 ni pale kila abiria anapopata ama kiti, ama mkanda au nguzo ya kushikilia. Mwaka wa 1975, wastani wa njia kuu za Tokyo wakati wa msongamano ulikuwa asilimia 221. Kufikia 2019 ulikuwa asilimia 163, na janga la corona lilipozuka mwaka wa 2020 ulianguka hadi asilimia 107.

Watu wanapopungua, nafasi hupatikana ndani ya behewa. Kampuni zikaona kwamba nafasi hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu aliyechoka ambaye yuko tayari kuongeza kidogo ili aketi. Hivyo mapato yakapatikana bila kumgusa mwenye nauli ya kawaida.

Zipo njia nyingine za kufanya biashara hiyo. Kampuni kubwa ya JR East, kwa mfano, mnamo Machi 2025 ilianza kutoza ada katika mabehewa mawili ya ghorofa yaliyoongezwa kwenye treni za njia ya Chuo, ambazo zilikuwa na mabehewa 10 na sasa zina 12. Lakini ili kufanya hivyo ilibidi majukwaa ya vituo yarefushwe, gharama ambayo si kila kampuni inaweza kuibeba. Kiti kinachogeuka ni njia ya yule asiyekuwa na uwezo wa kuongeza behewa.

Hata huko, mpango huo haukosi lawama. Abiria anayesimama akibanwa mlangoni huku behewa la jirani likiwa na viti vitupu hukereka, na hasira yake si bure. Tokyu ilipopeleka huduma hiyo katika njia yenye shughuli nyingi ya Toyoko mnamo Agosti 2023, ilitenga mabehewa mawili. Kabla ya mwaka kwisha tangu hapo, yalipunguzwa likabaki moja.

Funzo la hapo ni wazi. Kiti cha kulipia zaidi hukubalika pale tu kisipomnyima mwingine nafasi yake. Kikianza kumnyima, hata Mjapani aliyezoea utaratibu hunung'unika.

Madaraja yasiyogeuka

Kenya haikuanza jana kuuza viti vya bei tofauti ndani ya treni moja. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani, mahali ambapo leo ni Kisumu, mwaka wa 1901 ilikuwa na madaraja. Katika enzi ya ukoloni, desturi iliweka Wazungu katika daraja la kwanza, Wahindi la pili na Waafrika la tatu. Tiketi ilitaja bei, lakini kila mtu alijua ilichokuwa ikitaja kwa kweli.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini mgawanyo wa mabehewa ulibaki. Abiria wa daraja la tatu alikaa katika behewa lake tangu Nairobi hadi Mombasa au Kisumu, hata kama la jirani lilikuwa nusu tupu.

Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba kiti kinachogeuka kilikuwako humu humu. Katika vyumba vya daraja la kwanza na la pili vya treni za usiku, benchi la mchana lilikuwa kitanda usiku, na kitanda cha juu kilishushwa kutoka ukutani. Fundi wa reli wa zamani hahitaji kufundishwa na mtu wa Tokyo namna ya kukifanya kiti kiwe na kazi mbili. Tatizo ni kwamba ufundi huo ulitumika kwa wenye uwezo peke yao.

Shirika la Reli la Kenya liliundwa mwaka wa 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika mwaka wa 1977. Miongo iliyofuata ilikuwa ya kuporomoka. Mnamo Novemba 2006 huduma zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, lakini Kenya iliuvunja mwaka wa 2017, zaidi ya nusu ya muda huo ikiwa bado haijatimia.

Mwaka huo huo wa 2017, tarehe 31 Mei, treni ya Madaraka Express ilizinduliwa katika reli ya kisasa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh700. Tangu Januari 2024 ni Sh1,500, nayo ya daraja la kwanza ni Sh4,500. Abiria wake hupata kiti chenye nambari, jambo la kupongezwa. Lakini mgawanyo ni ule ule wa kale: behewa la daraja la kwanza hubaki la daraja la kwanza, lijae lisijae.

Katika usafiri wa kila siku wa Nairobi, mambo yamekuwa kinyume. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akazindua treni za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Huduma hizo zimewafaa wengi. Lakini asubuhi umati huelekea mjini na jioni hurudi, na treni inayosafiri kinyume cha umati hubeba upepo. Behewa lisilobadilika hutumikia saa chache tu za siku.

Kinachouzwa ni uhakika

Wapo watakaosema kwamba Mkenya hawezi kukubali kulipa zaidi kwa ajili ya saa au kiti. Ukweli ni kwamba analipa tayari. Kila jioni ya mvua nauli za matatu hupanda, na kila mkesha wa sikukuu mabasi ya kwenda Magharibi hupandisha bei maradufu. Tofauti ni kwamba fedha hizo huishia mfukoni mwa mwenye gari na utingo wake, na abiria hapati chochote zaidi ya alichokuwa akipata jana.

Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilithibitisha jambo jingine. Kila abiria aliamriwa awe na kiti na mkanda, na matatu ya watu 14 ibebe watu 14. Nauli zilipanda na malalamiko yakasikika, lakini wananchi wengi waliziunga mkono. Walikuwa wakinunua hadhi na usalama, na walijua hivyo. Kulegea kwa kanuni hizo katika miaka iliyofuata kulitokana na usimamizi dhaifu, wala si na abiria kuzikataa.

Hapa ndipo kiini cha somo la Tokyo kilipo. Mfanyakazi anayelipa ada ya kiti Shinjuku hanunui kipande cha godoro. Ananunua uhakika: treni itaondoka dakika iliyoandikwa, kiti chenye nambari yake kitamngoja, na atafika nyumbani saa aliyoiahidi familia yake. Bila ratiba inayoaminika, mtambo wa kuzungusha viti ni mapambo tu.

Majirani wa Kenya wamejifunza hilo kwa njia zao. Jijini Dar es Salaam, treni ya abiria wa mjini iliyoanza Oktoba 2012 ilipewa na wananchi jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dkt Harrison Mwakyembe. Kampala nayo ilipata treni yake ya kwenda Namanve mnamo Desemba 2015. Kote kuwili, abiria walijitokeza pale ratiba ilipoheshimiwa.

Kugeuza kiti, njia ya Butere

Tawi la reli kutoka Kisumu hadi Butere lilijengwa katika miaka ya mwanzo ya 1930 na lina urefu wa takriban kilomita 69. Hupitia Maseno, Luanda na Yala kabla ya kufika mwisho wake. Kwa hiyo hugusa kaunti nne: Kisumu, Vihiga, Siaya na Kakamega.

Kwa miaka mingi treni yake ya abiria ilikuwa soko linalotembea. Kuku, mboga na mikungu ya ndizi vilisafiri pamoja na wanafunzi na wagonjwa. Kisha huduma ikadhoofika, na hatimaye ikasimama kwa miaka. Barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Busia, ambayo nayo hupita Maseno, Luanda na Yala, ikachukua abiria wote.

Ushindani huo haujaondoka. Treni inayopanda vilima vya Maseno kwa reli ya zamani haiwezi kuishinda matatu kwa mwendo. Inaweza kuishinda kwa mambo matatu: bei, nafasi ya mizigo, na uhakika wa saa.

Kwa Musanda, jambo hilo lina uzito wa pekee. Eneo hili la Mumias Magharibi lilijengwa kwa miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019, baada ya miaka ya kuyumba, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kugeukia mazao ya kuuza sokoni na uchuuzi mdogo mdogo. Miwa ilibebwa na trekta hadi kiwandani. Ndizi, mboga na kuku lazima mwenyewe avifikishe kwa mnunuzi, na mnunuzi wa bei nzuri yuko mjini.

Safari za mchuuzi huyo, zikitazamwa vizuri, zinafanana kwa ajabu na za mfanyakazi wa Tokyo. Asubuhi huenda mjini akiwa na haja ya nafasi. Jioni hurudi akiwa na haja ya kuketi. Asubuhi anabeba magunia na mikungu. Jioni kikapu ni kitupu na miguu imechoka.

Behewa linalomfaa ni lile lenye mabenchi ya kukunja ukutani. Asubuhi benchi hukunjwa ili sakafu ipokee mizigo. Jioni hushushwa, na sehemu ya viti huuzwa kwa nambari kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, mwalimu, karani au mgonjwa anayetoka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, yeyote aliye tayari kuongeza kidogo ili asisukumane.

Kazi hiyo haihitaji mota wala kompyuta. Inahitaji bawaba imara, komeo, na mfanyakazi wa stesheni wa kuhakikisha kwamba benchi limeshushwa kabla ya abiria kupanda.

Masharti ya haki

Hata hivyo, wazo hili linaweza kuharibika kwa urahisi. Mabehewa ya kulipia zaidi yakiongezeka hadi mwenye nauli ya kawaida abaki jukwaani, daraja la tatu la mkoloni litakuwa limerudi kwa jina jipya. Ndiyo sababu mfano wa kuigwa ni ule wa Tokyu wa behewa moja kati ya saba, wala si treni nzima.

Sharti la kwanza, basi, ni kuwekwa kwa kikomo cha viti vya ziada, kikomo kinachojulikana na kubandikwa stesheni. La pili ni kwamba kiti kilichokosa mnunuzi treni inapoondoka kirudi kwa anayesimama. Kiti kitupu mbele ya mama aliyebeba mtoto ni matusi, na hakuna hesabu ya mapato inayoweza kukitetea.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote. Fedha za viti hivyo sharti zibaki katika njia iliyozizalisha, zilipie mafuta, mafundi na mataruma ya Butere, na hesabu zake zitangazwe. Zikimezwa na deni la miradi mikubwa, abiria wa Musanda atakuwa analipia reli ya mtu mwingine.

Suala la nani afanye nini pia linahitaji kuwekwa wazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa jukumu la reli, huku kaunti zikisimamia barabara zake na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa maneno mengine, Kakamega haiwezi kuendesha treni. Lakini inaweza kutengeneza barabara ya kutoka Musanda hadi stesheni ya Butere, kutenga kituo cha bodaboda na matatu hapo, na kujenga kibanda cha wachuuzi kukinga mizigo yao na mvua.

Kaunti zote nne zikizungumza kwa sauti moja, zinaweza pia kulidai Shirika la Reli jambo ambalo mbunge mmoja hawezi kulipata peke yake: ratiba iliyoandikwa, inayozingatia saa za soko na za masomo, na maelezo ya hadharani treni inapochelewa.

Wenye shaka watauliza kama abiria wa Butere wanatosha kulipia haya yote. Swali ni la haki. Treni isiyojaa haina sababu ya kuuza nafasi, na Tokyo ina mamilioni ya wasafiri ambao Magharibi mwa Kenya haina. Lakini reli yenyewe ilikwisha kujengwa zamani, na ukarabati wa njia ya Nakuru hadi Kisumu uliofanywa mwaka wa 2020 na 2021, uliowezesha treni ya Nairobi kurudi Kisumu Desemba 2021, ulionyesha kwamba reli ya zamani si lazima ifukiwe ili ya kisasa ije.

Kinachotakiwa kwa sasa ni kidogo. Behewa moja au mawili ya mabenchi ya kukunja, treni moja ya asubuhi na moja ya jioni, na saa inayoheshimiwa kwa miezi kadhaa mfululizo. Abiria wakijitokeza, kiti cha nambari kitajiuza chenyewe. Wasipojitokeza, hasara haitakuwa ya mabilioni.

Hadi hapo, mchuuzi wa Musanda ataendelea kuamka gizani, kubishana na utingo kuhusu bei ya mikungu yake, na kurudi jioni akiwa amesongwa kati ya magoti ya watu asiowajua.